Mbolea ya maji na jua: tujifunze, lakini franga za koperative zingoje

Wandugu wakulima, siku hizi watu wanaongea juu ya rangi inayopakwa kwenye kioo ama chuma. Ukiitia ndani ya maji na jua likaipiga, maji yanagawanyika: hidrojeni upande huu, oksijeni upande ule. Wengine wanacheka. Mimi naona ni habari ya shamba, juu mbolea ya urea inaanzia kwa hidrojeni hiyo, ikiunganishwa na nitrojeni ya hewa. Leo viwanda vingi vinaitoa katika gesi ya chini ya ardhi. Ndiyo maana vita ya Ukraine, mwaka 2022, ilipandisha bei ya mbolea dunia nzima.

Kugawa maji si ndoto. Kule Aswan, Misri, kiwanda cha Kima kilianza mwaka 1960 kutengeneza mbolea kwa umeme wa bwawa la mto Nili. Jambo jipya ni rangi kufanya kazi hiyo yenyewe. Wajapani wawili, Fujishima na Honda, walionyesha njia mwaka 1972 kwa oksidi ya titani. Lakini oksidi hiyo inakamata sehemu ndogo tu ya mwanga wa jua. Sasa watu wa sayansi wanapanga tabaka nyembamba sana: moja inakamata mwanga, nyingine inazuia isiliwe na maji, nyingine inasaidia gesi kutoka. Shida iko hapa: zile zinazokamata mwanga vizuri zinaharibika upesi.

Basi, mtu akituletea mashine ya namna hiyo, tusitoe hata franga moja kabla hajajibu. Imefanya kazi misimu mingapi? Nani ataitengeneza ikiharibika? Gesi inayowaka upesi hivyo italindwa namna gani? Na nani ataigeuza kuwa mbolea? Hidrojeni peke yake hailishi mahindi.

Wengine watasema tutabaki nyuma. Hapana. Jani la haragi linagawa maji kwa jua kila siku, na likichoka mmea unatoa lingine. Vinundu vya mizizi yake vinavuta nitrojeni ya hewa bure. Franga zetu ziende kwanza kwa mbegu nzuri ya maharagi na soya, na kwa samadi.

Lakini watoto wasome kemia. Kituo cha utafiti cha Lwiro kiko jirani yetu. Siku rangi hiyo itakapodumu, wao ndio waipime, si muuzaji.