Wakfu zisaidie shule, Serikali isikwepe wajibu

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Shule nyingi za umma nchini zilisimama kwa moyo huo. Baada ya uhuru mwaka 1963, wazazi waliuza kuku na mbuzi, wakachanga walichonacho na kujenga shule za harambee pale ambapo mkono wa Serikali haukufika.

Siku hizi mchango huo umevaa sura mpya, nayo ni ya wakfu. Wakfu wa Jomo Kenyatta, ulioanzishwa mwaka 1966, huchapisha vitabu na kuwafadhili wanafunzi werevu wasiojiweza. Tangu 2010, mpango wa Wings to Fly wa Wakfu wa Equity umewalipia maelfu ya watoto karo ya sekondari. Wanafunzi wa zamani wa shule kongwe nao wameunda mifuko ya kuzikarabati shule zilizowalea. Hapana shaka kazi hii inastahili shukrani.

Hata hivyo, ni wachache wanaotambua kwamba Serikali nayo huchangia. Sheria ya Kodi ya Mapato humruhusu mfadhili kuondoa katika mapato yanayotozwa kodi fedha alizolipa shirika la hisani linalotambuliwa kisheria. Gharama ya kujenga shule ya umma huondolewa vivyo hivyo, mradi Waziri ametoa idhini mapema. Kampuni inayotozwa asilimia 30 ikitoa Sh1 milioni, kodi yake hupungua kwa Sh300,000. Yaani mfadhili ametoa Sh700,000, na mlipa kodi, pasipo kuulizwa, amejaza zilizosalia.

Je, fedha hizo za umma huelekea wapi? Huelekea anakotaka mfadhili. Shule iliyowatoa majaji, mawaziri na mameneja hupata maabara nyingine na basi jipya. Shule ya kutwa iliyofunguliwa juzi, ambayo wahitimu wake wangali wanahangaika kutafuta kazi, haina wa kuipigia debe. Hivyo mwenye nacho huongezewa, tena kwa sehemu ya fedha za yule asiye nacho.

Dhuluma hii huonekana wazi zaidi tukitazama mgao wa Serikali yenyewe. Mwaka 2018 kiwango cha mwanafunzi wa sekondari kiliwekwa kuwa Sh22,244 kwa mwaka. Sh300,000 zilizosamehewa kampuni moja zingetosha wanafunzi 13. Lakini walimu wakuu wanajua kwamba mgao huo huchelewa na hufika ukiwa umepungua, na Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kuwa Hazina haikuweza kuumudu kikamilifu. Wakati huo huo, Gredi ya 10 iliyoanza mwaka 2026 inadai maabara na karakana ambazo shule nyingi za mashambani hazina.

Tatizo hili si la Kenya pekee. Huko Marekani, ambako michango ya hisani pia hupunguziwa kodi, wazazi wenye uwezo huchangisha fedha za kuwaajiri walimu wa ziada katika shule za watoto wao. Mji wa Portland, jimboni Oregon, kwa miaka mingi ulifuata kanuni rahisi: shule ikishachangisha dola 10,000 za kwanza, theluthi ya kilichozidi huingia katika mfuko wa shule zenye uhitaji. Moyo wa kutoa ulihifadhiwa, na jirani hakusahauliwa.

Serikali yetu yaweza kujifunza kitu hapo. Msamaha wa kodi uendelee, lakini ule unaohusu shule zilizojitosheleza uambatane na sharti la kutenga sehemu kwa shule zisizo na wafadhili. Wakfu zitangaze kila mwaka zilichopokea na shule zilizofaidika. Watakaodai kwamba masharti yatawafukuza wafadhili wakumbuke kuwa anayetumia fedha za umma hupaswa kuwajibika kwa umma.

Zaidi ya yote, wakfu zisigeuzwe kisingizio. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo, na haki hiyo haimngojei mhisani. Shirika la Misaada la Marekani, USAID, lilikuwa miongoni mwa wafadhili wa Wings to Fly. Mnamo Julai 2025 shughuli zake zilikomeshwa kwa uamuzi uliotolewa Washington, wala hakuna mwalimu wa Turkana au Kwale aliyeulizwa.

Mtegemea cha nduguye, walisema wazee, hufa maskini. Wakfu na ziezeke paa, lakini msingi na kuta ni kazi ya Serikali.