Bonane ya mwaka huu: aliyekimbia vita naye apewe nafasi ya kutoa

Desemba inapoelekea mwisho, katika mitaa ya Goma, Bukavu na miji mingine ya Kivu neno moja linaanza kusikika midomoni mwa watoto: Bonane. Limetoka katika salamu ya Kifaransa ya mwaka mpya, lakini huku si salamu tu. Mtoto anayesimama mlangoni kwa shangazi au kwa jirani na kusema "Bonane!" anangoja kitu mkononi: biskuti, andazi, noti ya franka. Mzazi naye anajua kwamba siku hiyo mtoto anatazamia nguo mpya, na mama mkwe anatazamia kukumbukwa.

Katika nyumba nyingi swali ni gumu. Tangu mapigano yalipofika mjini Goma mwisho wa Januari 2025, benki zikafunga milango, kazi nyingi zikasimama, na pesa zikawa haba hata kwa wale waliokuwa na mshahara. Februari ya mwaka huo, kambi kubwa za kuzunguka mji, kama Bulengo na Lushagala, zikavunjwa. Kuna familia zilizorudi kijijini na kukuta nyumba haina paa. Nyingine zimebaki mjini, chumba kimoja, kwa ndugu au kwa mtu aliyewahurumia. Kongo nzima ina mamilioni ya watu waliokimbia makwao, na wengi wao hawaishi kambini. Wanaishi ndani ya familia za watu wengine.

Kwa hiyo wapo wanaosema: mwaka huu tusiongelee zawadi. Watu wanatafuta unga, chumvi na dawa ya malaria. Mambo ya Bonane ni ya wenye nafasi. Hoja hiyo ina uzito. Mtu mwenye njaa apewe chakula kwanza, na hakuna kikapu kizuri kinachochukua nafasi ya sahani ya bugali na sombe.

Lakini hoja hiyo inasahau jambo moja ambalo kila mama aliyelala chini ya turubai analijua. Vita havikumnyang'anya godoro na mbuzi peke yake. Vilimnyang'anya pia nafasi yake kati ya watu. Kule Masisi au Rutshuru alikuwa mtu wa kumtumia shemeji yake ndoo ya maharage baada ya mavuno. Jirani akijifungua, alikwenda na kuku. Leo jina lake liko kwenye karatasi ya orodha, anapanga mstari, anapokea, anashukuru. Mwezi kwa mwezi ni kupokea tu. Mtu akikaa muda mrefu hivyo, hata sauti yake inapungua ndani ya nyumba.

Watu wa pwani na wa bara wote wanaijua methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi hutumiwa kumwambia mgeni kwamba amekaa sana. Ina upande mwingine ambao unafaa mwaka huu. Anayepewa jembe anahesabiwa kuwa mtu wa nyumbani, mwenye nguvu za kuongeza kitu kwenye chungu. Kumkataza mgeni kutoa chochote, hata kwa huruma, ni kumwacha akae kwenye kiti cha mgeni daima.

Ndiyo maana Bonane ya mwaka huu isiwe ya upande mmoja. Familia zinazopokea zitoe kadiri ya uwezo wao, na familia zilizokimbia ziachiwe nafasi ya kutoa pia. Hili linawezekana hata bila pesa, mradi mtu aanze kwa kumtazama yule anayetaka kumpa: anakosa nini, anapenda nini, kitu gani hawezi kukipata sokoni?

Chukua mfano wa mboga. Sehemu kubwa ya Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, na lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji. Mwenye nyumba anaweza kuwa na kiwanja na asipate hata mstari mmoja wa kupanda lengalenga. Mama aliyetoka kijijini anajua kulima kuliko yeye. Gunia moja kuukuu linatosha. Katikati yake husimamishwa mkebe usio na kitako, unajazwa vijiwe, na pembeni unawekwa udongo uliochanganywa na samadi. Mkebe unavutwa juu kidogo kidogo kadiri gunia linavyojaa, hadi vijiwe vinakuwa kama nguzo ya kupitishia maji. Ubavuni hutobolewa matundu, na kila tundu linapata mche. Baada ya wiki 3 hadi 4 lengalenga linachumwa, na likichumwa vizuri linachipua tena. Mwenye nyumba akipewa gunia kama hilo mlangoni asubuhi ya mwaka mpya, atakumbuka nani alimpa kila atakapochuma.

Mfano wa pili ni moto wa jikoni. Makala ni ghali Goma, na kila mfuko ukiisha chini hubaki vumbi ambalo wengi hulitupa. Vumbi hilo likichanganywa na udongo wa mfinyanzi kidogo, au na karatasi zilizolowekwa na kupondwa, hufinyangwa vidonge kwa mkono na kuanikwa juani siku kadhaa hadi vikauke kabisa. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuifanya kazi hii pamoja na nyanya yake. Mfuko mdogo wa vidonge hivyo si zawadi ya kuonea haya. Ila anayepewa akumbushwe kwamba mbabula, iwe ya makala au ya vidonge, haiwashwi ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa yake inaua watu usingizini.

Kwa upande wa wale ambao hawakukimbia, zipo zawadi ambazo wao peke yao wanaweza kuzitoa, na hazipatikani katika duka lolote. Ya kwanza ni picha. Familia nyingi zilitoka nyumbani usiku, mtoto mgongoni na chungu kichwani. Picha za arusi, za ubatizo, za baba aliyefariki, zilibaki ukutani na hazitarudi. Lakini mara nyingi ndugu wa mjini, au binamu aliye Kampala, bado ana nakala katika simu au katika albamu. Kuitafuta, kuipeleka kwa mpiga picha akaichapishe na kuifunga katika plastiki isilowe, ni gharama ndogo kuliko kitenge. Mjane atakayepokea uso wa mume wake mkononi hatauliza ilinunuliwa bei gani.

Ya pili ni sauti na majina. Wazee wanaondoka, na wanaondokea mbali na kilima chao. Mjukuu mwenye simu anaweza kukaa na nyanya jioni mbili, akarekodi jinsi anavyotaja majina ya mababu, mto wa kijiji, shamba lilianzia wapi na kuishia wapi, nani aliyemlipia nani mahari. Baadaye majina yaandikwe kwa kalamu katika daftari la kawaida la shule, nakala moja kwa kila tawi la familia. Walio katika kambi ya Nyarugusu huko Tanzania, au Nakivale huko Uganda, wana watoto waliozaliwa huko ambao hawajawahi kuona kijiji cha baba yao. Daftari hilo ni Bonane yao. Na siku ya kurudi nyumbani, mambo ya mipaka ya mashamba yatakapozungumzwa, halitakuwa karatasi ya bure.

Ya tatu ni kazi ya mikono. Fundi wa kushona anaweza kumtengenezea mtoto wa jirani shati jeupe na sketi ya bluu, ili akirudi darasani asitambulike kuwa ndiye "wa wakimbizi". Dada anayejua kusuka nywele anaweza kumpa mwenzake asubuhi nzima bila malipo. Kijana fundi mbao anaweza kumchongea mdogo wake chukudu ndogo kwa mabaki ya mbao. Mpira uliofungwa vizuri kwa mifuko na kamba unawachezesha watoto wa uwanja mzima.

Kuna mambo pia ya kuacha. La kwanza ni kutoa mbele ya simu. Msaada wa unga uliopigwa picha mara tatu, mama akiambiwa ainue kichwa na kutabasamu, humwachia aliyepokea haya ya muda mrefu. Zawadi ya mtu kwa mtu ipite mlango wa nyuma ikibidi. La pili ni zawadi ya deni. Kukopa pesa za likelemba, au kuchukua kitenge cha bei kwa ahadi ya kulipa Februari, ni kuingiza ugomvi katika nyumba kwa jina la upendo. La tatu ni kumpa mtu kitu kikubwa kiasi kwamba hawezi kujibu. Kilo moja ya maharage ambayo mwenzako anaweza kuijibu siku moja kwa fungu la mboga hujenga ujirani. Gunia zima lililotolewa kwa majivuno linaweza kuuvunja.

Jambo linalobaki ndilo gumu zaidi kwa wenye nyumba: kupokea. Mama mgeni anapoleta kikapu alichosuka, au sahani ya sambaza alizozipata kwa kufua nguo za watu kutwa, jibu la haraka huwa: "Hapana, mama, usijisumbue, wewe ndiwe mwenye shida." Maneno hayo yanatoka katika moyo mwema, lakini yanamrudisha kwenye mstari wa kupokea. Afadhali kikapu kipokelewe kwa mikono miwili, kitumike siku hiyohiyo sokoni, na majirani waambiwe kimesukwa na nani. Sambaza ziliwe mezani na watu wote, watoto wa mwenyeji na wa mgeni, sahani moja.

Watoto watakuwa wa kwanza kuelewa. Mtoto wa mkimbizi ambaye kila mwaka mpya ndiye anayeomba Bonane, mwaka huu apewe andazi mbili na mama yake: moja lake, na moja la kumpelekea mtoto wa mwenye nyumba.