Usiuze Mbuzi kwa Ajili ya Eropleni ya Kompyuta

Juma hili tunajibu swali la mzazi mmoja wa upande wa Bunda. Mwanawe wa kidato cha tatu anatamani kuwa rubani. Mchuuzi mmoja amemwambia kijana kwamba iko programu ya kompyuta inayofundisha kurusha eropleni, lakini bei yake ni kama bei ya mbuzi wawili. Baba anauliza: je, auze?

La, Baba, usiuze. Iko programu ya namna hiyo iitwayo FlightGear, nayo hutolewa bure kwa kila mtu katika anwani ya flightgear.org. Wazo lake lilitolewa mwaka 1996, na mwaka uliofuata watu wa kujitolea wakaanza kuiandika. Hata leo inatengenezwa na watu wa nchi nyingi, kila mmoja akiongeza alichoweza: huyu injini, yule viwanja, mwingine milima. Watu wa Butiama hawatashangaa kusikia habari ya kazi ya pamoja na mavuno ya wote. Hiyo ndiyo maana ya programu huria.

Sheria yake haimkatazi mtu kuiuza, na wako waliokwisha kuibandika jina jingine na kuiuza kwa fedha nyingi. Kwa hiyo mtu akikuletea programu hiyo katika flashi kutoka Musoma, mpe nauli yake na ahsante. Mbuzi abaki zizini.

Wengine watasema huu ni mchezo wa watoto tu. Hata Edwin Link wa Marekani aliambiwa hivyo. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda vikubwa vya mabomba kama vile vya makanisani. Mwaka 1929 kijana huyo alichukua mivukuto ya vinanda, akatengeneza kieropleni cha mbao kisichoruka, kinachoinama na kugeuka kwa nguvu ya upepo wa mivukuto. Mwanzoni wanunuzi walikuwa wenye viwanja vya michezo na starehe. Lakini mwaka 1934 marubani wa jeshi la Marekani walikufa wakichukua barua katika hali mbaya ya hewa, na jeshi likanunua mashine zake sita. Tangu hapo rubani hujifunza kwanza chini kabla ya kwenda juu.

Hata hivyo, mzazi usidanganyike. Saa ambazo kijana atakaa mbele ya kompyuta nyumbani hazihesabiwi katika leseni. Kwa leseni ya kwanza, ile ya mtu anayejirushia bila kulipwa, kipimo cha kimataifa ni kama saa 40 za kuruka kweli, na umri usipungue miaka 17. Kwa rubani wa kuajiriwa saa ni nyingi zaidi sana. Tena hapana budi apimwe afya na daktari aliyeidhinishwa, na ajue Kiingereza cha redioni. Kwa hiyo kompyuta isimnyang'anye muda wa hesabu, fizikia na jiografia. Mimi ningempa saa mbili za Jumamosi, zisizidi.

Sasa vyombo. Simu haitoshi, yatakiwa kompyuta, na ile ya zamani sana itaburuta. Programu yenyewe ni mzigo wa gigabaiti mbili hivi, kwa hiyo usiipakue kwa bando la nyumbani. Nenda nayo kompyuta mahali penye intaneti nzuri mjini. Ramani za nchi hushuka zenyewe wakati unaporuka, kisha hukaa ndani ya kompyuta. Basi ukiwa bado mjini pita mara moja juu ya Musoma, Butiama na Bunda. Baadaye nyumbani utaruka huko bila intaneti. Usitazamie kuona bati la nyumba yako, maana majengo mengi hayamo. Ziwa na vilima utavitambua.

Chagua eropleni ya Cessna 172, ambayo ndiyo ya kujifunzia katika vyuo vingi duniani. Mahali pa kiwanja andika HTMU, yaani Musoma. Katika orodha ya juu ya Cessna tafuta Autostart, injini iwake. Utashangaa kuona kipimo cha urefu kinaonyesha karibu futi 3,800 na wewe ungali chini. Si ubovu: Ziwa Victoria lenyewe liko futi 3,700 hivi juu ya bahari. Hewa ya kwetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo injini hupungua nguvu na eropleni hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Kile kitasa chekundu cha mafuta kivute nje kidogo ili mafuta yasizidi hewa.

Page Up huongeza mwendo. Mishale ndiyo usukani, na hapa ndipo wengi huanguka: mshale wa juu hushusha pua, mshale wa chini huiinua, kama rubani anavyosukuma au kuvuta usukani wake. Wakati wa kukimbia pua itavutwa kushoto; irudishe kwa Enter ya upande wa tarakimu. Mwendo ukifika noti 55, yaani maili 55 za baharini kwa saa, vuta taratibu. Panda kwa noti 75 mpaka futi 7,000.

Elekea digrii 150. Baada ya dakika 12 hivi uko juu ya Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na anakopumzika tangu 1999. Mwenyewe alipokuwa mtoto alitoka huko kwenda shule ya Mwisenge, Musoma, na hakuenda kwa dakika 12. Hapo geuza digrii 200. Kama dakika 11 nyingine utaona vilima vya Bunda, na mbele yake ghuba ya Speke. Kisha rudi kaskazini, digrii 355, ziwa likiwa mkono wa kushoto, dakika 20.

Kutua ndiko kugumu. Anza kushuka mapema, teremsha mabawa ya breki kwa kitufe cha ], shika noti 65, wala usiache mwendo ushuke chini ya 60 kabla ya kufika juu ya njia ya kutulia. Ukiona unakwenda vibaya, ongeza moto, panda, zunguka tena. Marubani wakubwa hufanya hivyo bila aibu. Ukivunja eropleni, na utaivunja, bonyeza Shift pamoja na Esc. Itakurudisha Musoma mzima.