Tuseme pia nani aliuza

Ninauza vitenge na kanga kwa jumla Kariakoo, upande wa Mtaa wa Congo, na wateja wangu wakubwa ni akina mama wa Lubumbashi. Mmoja wao aliniambia, tukisubiri robota zake zifungwe, kuwa wao ni Wabayeke na chimbuko lao ni Unyamwezi. Mimi baba yangu ni Mnyamwezi wa Tabora. Tangu siku hiyo tunaitana dada.

Nilimsimulia mjukuu wangu wa kidato cha pili habari zao, na kwamba mtawala wao wa zamani aliuza watu, akashangaa. Ajuavyo yeye, Waarabu walikuja, wakakamata watu, wakawauza. Mwafrika katika habari hiyo yumo kwenye minyororo tu. Hilo si kweli yote, na mimi sitaki ajifunze nusu.

Wabayeke ni watu wa Msiri. Alitoka Unyamwezi akifuata njia ya baba yake, mchuuzi wa shaba, akaingia Katanga na kujijengea dola, makao yake yakiwa Bunkeya. Aliuza shaba, pembe za ndovu na watu. Akapokea bunduki, baruti na nguo. Desemba 1891 aliuawa na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, maana alikataa kuitoa nchi yake. Mtu huyo mmoja aliuza binadamu wenzake, na ndiye huyo huyo aliyekufa akimkatalia mkoloni.

Kabla yake kulikuwa na Kilwa. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa aliandikiana mkataba na Mfaransa aliyeitwa Morice, ampatie watumwa 1,000 kila mwaka, piasta 20 kwa kichwa, wapelekwe mashamba ya visiwa vya Wafaransa kama Mauritius. Morice hakuwa na haja ya kukanyaga bara. Misafara ya kuleta watu na pembe hadi Kilwa ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiafrika, Wayao wakiwa mbele.

Wapagazi nao wasisahaulike, na hapa najivunia kwa haki. Wanyamwezi waliobeba pembe hadi Bagamoyo wengi wao walikuwa watu huru wa ujira. Walipatana malipo kabla ya kuinua mzigo, walidai posho yao, na wakidhulumiwa waliutua mzigo wakaondoka. Walilipwa nguo, sana sana marekani, iliyofika Unguja kwa meli za Salem, Massachusetts. Kwa nguo hiyo hiyo watu walinunuliwa. Aliyeivaa kwa jasho lake na aliyebadilishwa nayo walipita njia moja, pengine siku moja.

Wenzangu huniambia nikisema haya ninampa Mzungu pa kujitetea. Sikubali. Mfaransa aliyenunua ana dhambi yake, mwenye shamba la karafuu Unguja ana yake, na mtemi aliyeuza mateka wake ana yake. Ya mmoja haipunguzi ya mwenzake.

Kinachonichoma ni kwamba ukimya wetu unawaangukia wasio na kosa. Nimeketi kwenye vikao vya posa hapa mjini, nikasikia shangazi wa watu akinong'ona kuwa ukoo wa kijana si wa kiungwana, babu yao alinunuliwa. Sheria iliufuta utumwa Tanganyika mwaka 1922, baada ya Wajerumani kututawala na kuondoka bila kuufuta. Karne imepita, na bado kijana anapekuliwa kama babu yake aliuzwa. Sijasikia hata mara moja kijana akiulizwa kama babu yake aliuza. Aibu tumemtwika aliyeonewa, na aliyeonea tumemwacha apite mikono mitupu.

Walimu wa historia, mfundisheni Msiri mzima, bila kumkata. Mfundisheni na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni, akauzwa, akavushwa bahari hadi India, akarudi akiwa huru na kufuatana na wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, hadi Ziwa Tanganyika mwaka 1858. Mtoto aliyetoka kwenye ukoo wa waliouzwa akimsoma huyo, atainua uso darasani.

Nanyi wazee wenzangu wa Kariakoo, Gerezani na Ilala mliosimuliwa habari hizi na bibi zenu, msiondoke nazo. Waiteni wajukuu, washike simu zao warekodi, na muwatajie yote mawili: aliyeuzwa ni nani, na aliyemuuza ni nani.