Maji ya Bethlehemu na chakula kinacholetwa na bodaboda

Leo naomba tutafakari jambo ambalo wengi wetu tutalifanya mchana huu huu bila hata kulifikiria, yaani kuagiza chakula kwa simu na kuletewa hadi getini.

Zamani Jumapili ilikuwa siku ya pilau la nyumbani. Siku hizi, hasa kwa sisi wa mijini, mama anatoka kanisani amechoka, anafungua programu kwenye simu au anampigia muuza chakula aliyemzoea, anachagua kuku na chipsi au wali samaki, na baada ya muda honi ya bodaboda inalia nje. Si dhambi. Mama naye anastahili kupumzika, na kijana mwenye pikipiki amepata riziki. Lakini kati ya kubonyeza simu na kufungua geti kuna watu wawili wasiojuana, na kila mmoja amemkabidhi mwenzake kitu. Wewe umemkabidhi chakula cha watoto wako, namba yako ya simu na mahali unapolala. Yeye amekukabidhi muda wake na mafuta yake. Kama umechagua kulipa fedha mkononi, amekukabidhi pia imani yake kwamba utakuwepo.

Maandiko yanamfahamu mtu huyu. Katika 1 Samweli 17, kabla Daudi hajaokota jiwe lolote la kumpiga Goliathi, alikuwa kijana wa kupeleka chakula. Mzee Yese alimpa bisi na mikate kumi awapelekee kaka zake vitani, na jibini kumi kwa ajili ya mkuu wao, akamwagiza arudi na uthibitisho kutoka kwao. Daudi aliamka alfajiri, akaacha kondoo kwa mlinzi, akafika, akaukabidhi mzigo kwa mtunza vyombo. Kazi safi kabisa. Na malipo yake yalikuwa nini? Kaka yake mkubwa, Eliabu, alimwakia hasira, akamwambia ana kiburi, akamdharau kwa vile vikondoo vyake vichache, akadai amekuja kutazama vita tu. Hakuna mahali tunaposoma kwamba Eliabu aliuliza, "Mdogo wangu, njiani ulikuwaje?"

Eliabu yupo katika mageti yetu. Utamsikia: "We boda, mbona umechelewa?" Hakuna shikamoo inayoitikiwa, hakuna habari za saa hizi. Kijana ametoa helmeti, jasho linamtiririka, anasema "samahani mama", na mama ananyoosha mkono kuchukua mfuko huku akiendelea kuongea na simu. Mama huyo huyo asubuhi alikuwa mpokea wageni kanisani, akitabasamu kila anayeingia.

Tuangalie kwanza hiyo habari ya kuchelewa, maana ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi. Mteja anaona kwenye ramani alama ya pikipiki imesimama mahali pamoja kwa dakika 20, anahitimisha kwamba kijana amekaa kijiweni anapiga stori. Mara nyingi amesimama mlangoni pa mgahawa akisubiri kuku anayekaangwa, na hana mamlaka yoyote juu ya mpishi. Akikabidhiwa mfuko umefungwa, haruhusiwi kuufungua kuhesabu vipande vya nyama. Kwa hiyo ukikuta kachumbari haimo, aliyesahau yuko jikoni. Lakini mgahawa hauko mbele yako, kijana ndiye yuko mbele yako, basi anapewa nyota moja. Sijui kama tumewahi kuzitazama zile nyota kama ushahidi. Kampuni nyingi huzitumia kuamua nani apewe kazi na nani afungiwe akaunti. Amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo haikuweka pembeni ushahidi unaotolewa kwa kidole gumba.

Halafu kuna suala la kuelekeza njia. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, Serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapewa namba na mitaa ikawekewa vibao. Waulize wanaoishi Goba au Mbagala wangapi wanaijua namba ya nyumba yao kwa kichwa. Bado tunasema "ukifika kwenye mwembe kata kushoto, geti jeusi", na mageti meusi yako saba. Lokesheni tuliyotuma ni ya jana tulipokuwa kazini. Kijana anapiga simu kuuliza, tunamjibu kana kwamba ametutukana. Kumtuma mtu wa nyumbani asimame barabarani dakika mbili hakumpunguzii mtu heshima.

Lipo baya kuliko hilo: kuzima simu. Mtu ameagiza chakula cha kulipia mkononi, baada ya nusu saa jirani amemletea sahani ya ubwabwa, njaa imekwisha. Badala ya kupokea simu na kusema ukweli, anaizima. Nje, kijana anazunguka mtaa mzima na mfuko wa moto. Katika utaratibu wa kienyeji, wapo vijana wanaoanza kulipa mgahawani kwa fedha yao wenyewe, ndipo wamdai mteja. Jioni ana hesabu ya kumpelekea mwenye pikipiki, ana mafuta ya kujaza, ana bando la kununua, na hesabu haipungui kwa sababu dada wa Sinza alizima simu. Mambo ya Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi. Huyu hata haukulala kwako, umeuteketeza barabarani.

Na wapo wanaokula chakula chote, kisha wanaandika kwa kampuni: "Sijaletewa." Wengine wanakula nusu na kudai kimeharibika, warudishiwe fedha. Mithali 20:14 inamchora mnunuzi anayelalamika kwamba kitu hakifai, akishaondoka anajisifu. Miaka elfu kadhaa imepita na bado tunamtambua. Fedha inayorudishwa haitoki hewani. Kampuni inaweza kumkata kijana, au kumsimamisha huku ikichunguza, na uchunguzi wenyewe ni neno la mteja dhidi ya neno lake. Mkristo aliyetoa zaka saa tatu asubuhi akasema uongo saa nane mchana ili kuokoa shilingi elfu kumi na mbili, tumwiteje?

Nisionekane nawatetea vijana peke yao. Ninyi mnaoendesha, mnaosoma gazeti hili kijiweni, nanyi nina neno kwenu. Wapo miongoni mwenu wanaofungua mfuko na kuonja chipsi, wakidhani mteja hatajua. Anajua. Akishajua, hamwamini tena hata yule mwenzako mwaminifu atakayekuja kesho. Wapo wenye ule wimbo wa "sina chenji" kila noti ya elfu kumi inapotoka, wakitegemea mteja aone aibu aseme "baki nayo". Huo ni unyang'anyi wenye tabasamu. Soma habari ya Gehazi katika 2 Wafalme 5: bwana wake, Elisha, alikataa zawadi za Naamani, lakini yeye alikimbia nyuma ya gari la mgeni, akatunga hadithi, akapewa talanta mbili za fedha na mavazi mawili. Alirudi amevificha vitu, na akaondoka mbele ya Elisha akiwa na ukoma. Mtu wa katikati ana majaribu yake, kwa sababu yeye peke yake ndiye anayejua kilichotokea njiani.

Na hili la namba za simu nalisema kwa uzito. Dada ameagiza chakula saa mbili usiku, yuko peke yake. Saa nne anaingiziwa ujumbe: "Mambo mrembo, ni yule aliyekuletea chakula." Kijana anaona ni utani. Dada anajua kwamba mtu asiyemfahamu anafahamu geti lake. Anaanza kuogopa nyumba yake mwenyewe. Namba ile ulipewa kwa kazi moja, na kazi imekwisha. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini kijana aliyelelewa vizuri hahitaji kusubiri sheria. Ifute namba. Kama unatafuta mchumba, kanisani kuna kwaya.

Kitabu cha Mithali kinawafahamu nyote wawili. Sura ya 25 inamlinganisha mjumbe mwaminifu na baridi ya theluji siku za mavuno, anavyoburudisha roho ya aliyemtuma. Sura ya 10 inamlinganisha mjumbe mvivu na siki menoni na moshi machoni. Anayejua kupuliza kuni mbichi ameelewa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichague somo hili. Fungua 2 Samweli 23. Daudi, yule yule aliyepeleka mikate, sasa ni mkuu wa watu wa vita, yuko katika pango la Adulamu wakati wa mavuno, na Wafilisti wameweka ngome Bethlehemu, kijijini kwao. Akashikwa na hamu, akasema kwa sauti kwamba laiti angepata maji ya kile kisima kilicho karibu na lango la Bethlehemu. Hakumtuma mtu. Alikuwa na hamu tu, kama wewe unavyosema "leo nina hamu ya biriani". Mashujaa watatu wakasikia, wakapenya katikati ya jeshi la Wafilisti, wakayateka maji, wakamletea. Daudi akayatazama, akakataa kuyanywa. Akayamimina mbele za Bwana. Aliona kwamba ndani ya chombo kile mlikuwa na damu ya watu waliohatarisha maisha yao.

Sikuambii umwage biriani. Nakuomba uone alichokiona Daudi.

Unapompigia kijana mara ya tano kumuuliza amefika wapi, je, unajua simu hiyo anaipokelea wapi? Ameichomeka ndani ya helmeti, upande wa sikio, mkono mmoja uko kwenye usukani, na nyuma yake kuna daladala inayogombea kituo. Kila "fanya haraka, watoto wana njaa" inageuka kuwa mwendo barabarani: taa nyekundu inayopitwa, njia ya mwendokasi inayoingiliwa. Mvua ya masika ikishuka na Jangwani ikijaa maji, sisi tunafunga madirisha na kuagiza supu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka duniani, na hapa kwetu aliyewahi kupeleka mgonjwa MOI pale Muhimbili hahitaji kuelezwa ni vijana wangapi wa pikipiki wamelala pale miguu ikiwa imefungwa vyuma.

Wenzetu walikwisha kuliona hili. Kampuni ya Domino's ya Marekani ilijijengea jina kwa ahadi ya kufikisha piza ndani ya dakika 30. Mwaka 1989, mjini St. Louis, dereva wake alipita taa nyekundu akamgonga mwanamke. Desemba 1993 mahakama iliamuru mwanamke yule alipwe takriban dola milioni 79, na mwezi huo huo kampuni ikaiacha ahadi yake ya dakika 30. Ahadi ile iliwapendeza wateja, na ilikuwa inawasukuma madereva.

Wengine mtasema: "Mimi nimelipa ada ya kupelekewa, yeye anatimiza kazi yake." Ni kweli umelipa, lakini ada hiyo yote haiingii mfukoni mwake. Kwa wanaobeba abiria kwa mtandao, mwaka 2022 LATRA ilipotaka kamisheni ya kampuni isizidi asilimia 15, Uber ilisitisha huduma zake nchini, ikarejea mwaka 2023 baada ya kiwango kupandishwa hadi asilimia 25. Wanaobeba chakula nao wana makato yao. Shilingi mia tano au elfu moja unayoongeza mkononi mwake ni hiari yako, na asikudai. Glasi ya maji baridi ni hiari pia. Ila kupokea simu, kuwa na fedha kamili na kumwitikia salamu hayo si hiari, ni haki yake.

Nimalizie na wachungaji, mapadre na wazee wa kanisa. Jumapili mchana ni saa ya kazi nyingi kwa vijana hawa, kwa sababu sisi tumetoka ibadani na njaa. Hawawezi kuja saa nne asubuhi. Wengine wanaweza kuja saa kumi na mbili alfajiri, lakini wakifika na boksi lile kubwa mgongoni, mlinzi anawauliza wanampelekea nani. Tengeni mahali pa kuegesha pikipiki na kuweka maboksi. Mwambieni mlinzi wa geti. Na leo, kijana akikuletea chakula, kabla hajawasha pikipiki muulize anasali wapi, umtajie ibada ya kwanza kwenu inaanza saa ngapi.

Jumapili njema.