Chanjo Ndani ya Bakteria: Walimu Tuko Tayari?

Kwetu Malolo, wilayani Kilosa, kuku wa kienyeji akichanjwa mdondo hachomwi sindano. Anatoneshewa tone moja jichoni, basi, na hakuna anayeshangaa. Magonjwa mengi huingia kupitia utando wenye ute: macho, pua, mdomo, utumbo. Ukiweka mlinzi mlangoni, adui hafiki sebuleni. Sindano ya begani huleta askari wengi kwenye damu, ila pale mlangoni mara nyingi hubaki wachache.

Binadamu nasi njia hii tumeshaipita. Matone ya polio tunayajua. Mwaka 2009, Unguja na Pemba, watu walikunywa chanjo ya kipindupindu yenye bakteria waliouawa, pamoja na kipande kisicho na madhara cha sumu yao, kilichotengenezwa kwa uhandisi wa jeni. Utafiti ulionyesha kuwa waliokunywa dozi mbili walipata kinga ya takriban asilimia 79.

Sasa wanasayansi wanajaribu kwenda mbele zaidi. Wanachukua bakteria rafiki, jamii ya wale wanaogandisha maziwa, na kuwapachika jeni la kutengeneza kipande cha kijidudu cha ugonjwa. Ukiwameza wakiwa hai, wakifika utumboni wanauonyesha mwili kipande kile ili ujiandae. Kazi hii bado iko kwenye majaribio, haijafika zahanati. Ila fikiria kijiji kilicho mbali na jokofu: bakteria wa aina hii wanaweza kukaushwa wakawa unga.

Je, wakitoka nje wakasambaa? Swali halali. Mwaka 2006 watafiti wa Uholanzi waliwapa wagonjwa 10 wa utumbo bakteria wa maziwa waliobadilishwa jeni ili watoe dawa. Bakteria hao waliondolewa uwezo wa kujitengenezea thimidini, kitu wasichoweza kuishi bila hicho. Wakitoka nje wakaikosa, wanakufa. Kwa hiyo usalama unaweza kupangwa tangu maabara.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni darasa. Jamani, tusidanganyane: bakteria tunamfundisha kama orodha ya magonjwa. Kipindupindu, kifua kikuu, pepopunda, kengele imelia. Mtoto aliyefundishwa hivyo, siku akiambiwa ameze bakteria atakimbia, na mzazi wake atakimbia zaidi. Hapo lawama tutawatupia wanakijiji, kwamba hawajasoma, wakati tuliowasomesha ni sisi.

Wenzangu wa ualimu, mkienda BTP anzeni kipindi cha bakteria na kibuyu cha mtindi. Waulizeni wanafunzi nani kagandisha yale maziwa. Halafu wekeni mpaka: mtindi ni chakula, si chanjo. Chanjo ina dozi, ina majaribio, na lazima ipite TMDA. Mtu akija gulioni na "mtindi wa kinga", mwanafunzi wako ajue cha kumuuliza.

Tusisubiri mtaala mpya kwa hili. Uvumi wenyewe hausubiri mtaala.