JIKO LA NYUMBANI: Zeituni za Kukaanga

Mke wa askari mmoja ametuletea swali ambalo huenda limewapata wengi. Mumewe, aliporejea kutoka kazi ya kulinda amani ng'ambo, alileta chupa mbili za zeituni za kijani. Watoto walionja, wakatema. Chupa ya pili imekaa kabatini miezi minne, na baba mwenye nyumba hafurahi kuona zawadi yake imedharauliwa. Mwisho wa mwezi wanatazamia wageni. Je, zitupwe?

La, hasha. Zeituni za chupa zina chumvi nyingi na uchungu kidogo, nayo ndiyo tabia yake. Wenyeji wa mji wa Ascoli Piceno, katika jimbo la Marche nchini Italia, huzijaza nyama na kuzikaanga, zikawa kitafunio cha heshima. Husimuliwa kwamba wapishi wa nyumba za wakwasi, katika karne ya 19, walibuni jambo hilo ili nyama zilizobaki karamuni zisipotee. Husemwa pia kwamba Garibaldi, jemadari aliyepigania umoja wa Italia, alizionja mjini humo mwaka 1849, akazipenda hata akajaribu kupanda mizeituni ya namna ile katika kisiwa cha Caprera. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya uliliwekea ulinzi jina la zeituni za huko. Kwa hiyo sisi tutaziita zeituni za kukaanga, basi. (Mzeituni wa mwituni unaoota katika nyanda zetu za juu ni ndugu yake, lakini matunda yake ni madogo mno kwa kazi hii.)

Chagua zeituni 40 zilizo kubwa. Ziloweke katika maji baridi kwa muda wa saa moja, ukibadilisha maji mara moja, kisha zikaushe kwa kitambaa. Iwapo zina kokwa, shika kisu kidogo chenye makali, uanzie juu na kuzungusha kulifuata kokwa, kama mtu amenyaye chungwa, hata nyama ya tunda itoke kama utepe mmoja. Utepe huo utajikunja wenyewe kuizunguka nyama. Kazi hii yataka subira, na askari aliyezoea kumenya viazi vya kikosi kizima hana sababu ya kumwachia mkewe peke yake.

Waitalia huchanganya nyama ya ng'ombe, ya nguruwe na ya kuku. Kwa kuwa mezani petu hukaa watu wa dini mbalimbali, nashauri nguruwe aachwe. Gramu 150 za ng'ombe na gramu 50 za kuku zatosha. Kaanga vipande hivyo pamoja na kitunguu kidogo na nusu karoti, tia maji kidogo, funika mpaka viive na maji yakauke. Ndipo visagwe au vikatwekatwe mpaka vilainike. Ongeza yai moja, vijiko viwili vya jibini kavu iliyokunwa, kungumanga kidogo na ganda la limau lililokunwa. Usitie chumvi kabla ya kuonja, maana zeituni na jibini zimekwisha kuleta yao.

Jaza kila zeituni, uiviringishe katika unga wa ngano, kisha katika mayai mawili yaliyopigwa, mwisho katika chenga za mkate mkavu. Mkate wa juzi wafaa kuliko wa leo.

Sasa mafuta, na hapa naomba tusikilizane. Nyumba nyingi za kambini ni chumba kimoja au viwili, na jiko la makaa huwekwa mlangoni, mahali watoto wapitapo. Watoto waondolewe kwanza. Sufuria iwe na kina, mafuta yasizidi nusu yake, na kifuniko kiwe karibu. Mafuta yakishika moto, funika na kuondoa hewa. Usimwage maji kamwe, kwani moto utaruka. Tupa chembe ya mkate: ikichemka mara moja bila kuungua, mafuta yako tayari. Kaanga zeituni nane kwa mara moja, dakika mbili au tatu, mpaka zipate rangi ya dhahabu. Ukizidisha idadi mafuta hupoa, nazo huyanywa.

Asiye na jokofu akaange zote siku ile ile, maana nyama na mayai havingoji. Kijazo kikibaki, kifanye vitonge, uvipake chenga na kuvikaanga pia.

Ziandaliwe zingali moto, pamoja na vipande vya limau. Zile za watoto zipoe kwanza, kwani nyama ya ndani huhifadhi moto muda mrefu baada ya ganda kupoa.